Mama Bado Anaitika kwa Jina Lako

Dada Somoe,

Shikamoo. Huku Mkunya tunaendelea, ila leo sikuandikii salamu tupu. Nakuonea wivu, na nimechoka kuuficha.

Unakumbuka tulivyokuwa tunamfuata mama porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu? Wewe mbele na jembe, mimi nyuma nalilia miiba. Kila tuliyekutana naye: "Mama Somoe, za huko?" Siku moja nikamuuliza mama, mbona hawasemi Mama Zuhura? Akacheka. "Wewe ulichelewa kuja, mwanangu."

Mwezi uliopita watafiti walikuja zahanati. Wanachunguza ubongo unavyozeeka, na huu ugonjwa wa kusahau, kwa nini unamshika mzee huyu na jirani yake unamwacha. Nikamfunga mtoto mgongoni, mama nikamshika mkono, tukaenda. Daktari, binti mpole tu, akamuuliza jina.

"Mama Somoe."

Akaandika kakosa, maana fomu yake inasema Fatu. Nikamwambia, "Dokta, futa hapo. Huku hajaitwa Fatu tangu azae." Akafuta. Akamuuliza ana watoto wangapi.

"Mmoja. Somoe."

Na mimi niko pale pale, nimemshikia fimbo.

Daktari akanivuta pembeni. Akasema si kwamba mama hanipendi. Mara nyingi ugonjwa unaanza na mambo ya karibuni, lile alilolisikia miaka yote ndilo linalochelewa kutoka. "Lakini nalo lina zamu yake." Dawa ya kuuponya hawajaipata, ndiyo maana wanatafuta.

Basi nikafanya ujinga. Nikawaomba majirani wamwite Mama Zuhura. Mama Hamisi akanicheka: "Na ukubwa wote huo unagombea mama!" Lakini wakakubali. Siku tatu mama anaitwa, haitiki. Anageuka kutafuta huyo Mama Zuhura ni nani. Siku ya nne akakataa uji. Nikasimama mlangoni mwenyewe, nikaita, "Mama Somoe!"

"Abee!" Akanywa bakuli zima.

Juzi namwosha miguu, akaniuliza, "We binti, mtoto wa nani?"

"Wako."

Akanitazama sana. "Basi mama yako kazaa mtoto."

Nililia, dada, huku naosha.

Sasa sikia. Huko Nanganga uliko siyo Ulaya. Funga hilo duka uje kabla korosho hazijaanza kudondoka, jina lako lingali mdomoni mwake. Usije na khanga na sabuni, ukarudi na gari la jioni. Kaa wiki nzima, umwogeshe, umlishe, na mimi nilale. Akikuchekea nitanuna, nakwambia mapema. Nitanunia jikoni, na ming'oko nitakupikia.

Ukifika mtajie jina lako kwa sauti. Akishaitika, nakuomba, mtajie na langu. Wewe atakuamini.

Mdogo wako,
aliyechelewa kuja.