Vitaa Vyako na Pua ya Baba

Mdogo wangu Talha,

Assalaam aleikum. Barua yako nilimsomea Baba dukani, katikati ya chupa za marashi. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kama hivyo vitaa vyenu vya maabara vinauzwa kwa tola, kama marashi yake.

Nilivyoelewa mimi, ni punje ndogo kuliko vumbi, na zikikutana na kemikali fulani ya ubongo zinawaka, nanyi mnajua kama ipo ya kutosha au imepungua. Baba kasema pua yake ilikuwa na ujuzi kama huo.

Ilikuwa. Daktari anasema mikono yake inatetemeka kwa upungufu wa kemikali hiyohiyo, na kwamba pua ilitangulia kuzimika, miaka mingi nyuma. Sisi tulidhani mafua. Alipompa mtu wa msiba marashi ya bibi harusi, tulicheka wiki nzima.

Mengine ni mazuri. Mtaa wetu hapa Msimbazi umechimbwa tena, wateja wanaruka mtaro. Siku hizi mimi ndiye ninayenusa kabla mteja hajapewa chupa. Baba kabaki na salamu.

Umeandika kwamba kwa sasa mnajaribu kwa panya tu. Waulize wakubwa wako ni lini watapima watu, na kama watapokea wa miaka arobaini na mbili. Jana udi uliungua chetezoni mpaka binti yangu Wafa akaja mbio kutoka uani kwa harufu ya kuungua. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya chetezo, napanga chupa.

Baba sijamwambia.

Dada yako,
Fakhriya