Chupa ya Maji Safi

Landless, Thika
Jumapili

Mama Zainabu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, kifua cha mama kimepoa? Na Zainabu, siku hizi anaenda shule bila kulia? Mimi ni mzima, ila lile jino. Karafuu ulizonitumia zilisaidia mpaka zikaisha.

Nimeandika kwa sababu simu ya dukani husikizwa na kila mtu, na jambo hili linamhusu ndugu yako Rashidi.

Kazi yetu unaijua: tunachota majitaka kwenye mabwawa ya hapa na ya Ruiru, halafu daktari wa chuo, yule madam wetu, anayapima aone dawa za maumivu wanazomeza watu zinabaki kiasi gani mle. Mashine yake inanasa hata chembe. Kwa hiyo anayeshika chupa hamezi dawa hizo wala hazigusi. Ndiyo maana nimevumilia jino tangu mvua zianze, shavu likivimba. Kila safari tunajaza pia chupa moja ya maji safi anayotupatia mwenyewe. Hiyo haitakiwi kuonyesha kitu.

Siku moja Rashidi alikuja akiumwa na kichwa. Akapasua pakiti ya dawa ya maumivu, ile ya unga, pale pale ukingoni mwa bwawa, akairamba kiganjani.

"Rashidi, nawa mikono!"

"Shemeji, wacha maneno, kichwa kinapasuka. Na usiniuze kwa madam."

Akajipangusa kwenye suruali, akajaza ile chupa ya maji safi. Sikumwambia daktari. Wewe ndiye uliyeniomba nimtafutie kazi; ningemfukuzishaje?

Jumatano daktari alituita. Chupa ya maji safi imekutwa na dawa. "Nani amemeza?" Nilimtazama Rashidi, nikingoja aseme. Akacheka.

"Madam, si uangalie hilo shavu? Shemeji analia usiku kama mtoto. Unadhani analala na nini?"

Wenzetu wakacheka. Nilisema si mimi. Daktari alikuwa anatazama shavu langu tu. Tangu Alhamisi nafyeka nyasi kando ya bwawa, na kama nitabakizwa baada ya mwisho wa mwezi sijui. Chupa zangu anazishika Rashidi.

Jana nilinunua vidonge nikameza. Jino limetulia.

Msalimie mama, na yule mwalimu wa madrasa wa Zainabu. Kila barua, nikifika hapa, huwa naandika kwamba Rashidi naye anakusalimu. Ameketi mlangoni anapaka viatu rangi. Ameniuliza, "Shemeji, umenitaja?"

Nimemwambia ndiyo.

Mumeo,
Baba Zainabu