Firmin Anakanyaga, Mimi Naingiza Gia

Les Granges-Vieilles,
Kupitia Morteau,
Ufaransa.
12 Novemba 2023

Mpendwa wifi yangu Huguette,

Habari za huko Chicoutimi? Goti lako limekubali kukunjika tangu upasuaji, au bado unashuka ngazi kinyumenyume kama ulivyotuambia? Na Normand wako, kile kikohozi kimemwachia? Huku theluji imewahi. Ng'ombe wamekwisha kuingizwa zizini na barabara ya juu imefungwa. Mimi mwili wangu ni mzima, nala na nalala, ingawa usingizi wenyewe ni wa vipande vipande.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema haya. Firmin huwa yuko hapo hapo, na masikio yake ni mazima kabisa. Kaka yako anasikia kila neno. Basi kaa chini, wifi, mimi nikueleze tangu lilipoanzia.

Lilianzia kwenye Pijo, ile gari yetu kuukuu. Mwaka jana, majira ya kuchipua, tulikuwa tunatoka Pontarlier. Firmin akataka kuingiza gia ya tatu, mkono ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza tena. Akaitukana gari, akasema oili ya giaboksi imekuwa nzito kama jibini. Tulipofika nyumbani hata koti hakuvua, akaingia chini ya gari akabadilisha oili. Wiki iliyofuata, yakawa yale yale. Akaiendesha hadi kwa Anselme, yule fundi rafiki yake waliyesoma pamoja, unamkumbuka, mwenye masikio makubwa. Anselme akaizungusha kijijini mara moja, akarudi, akazima injini.

"Giaboksi yako haina neno, bosi," akamwambia. "Hebu nionyeshe huo mkono."

Firmin akautoa. Nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea, kama mahali palipochotwa kijiko. Mimi nalala ubavuni mwa mkono ule miaka yote na sikuwa nimeona.

Tulikwenda Besançon. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, hakutuficha. Alisema mishipa inayoamrisha misuli inakufa mmoja mmoja. Imeanzia mkono wa kulia, itaendelea miguuni, shingoni, kwenye ulimi, mwisho kifuani. Dawa ya kuponya hakuna. Akauliza kama tuna swali.

"Mguu wa kushoto una muda gani?" Firmin akauliza.

Daktari hakuelewa kwa nini anauliza mguu mmoja tu. Mimi nilielewa. Klachi.

Binti yetu Aline alipopata habari alikuja mbio kutoka Dijon na gari yake mpya, ile isiyo na klachi. Akamwekea babake ufunguo mezani. "Baba, hii haihitaji mkono wa kulia. Unasukuma mara moja tu, inakwenda yenyewe mpaka ufike."

"Hata mashine ya kufulia inakwenda yenyewe," Firmin akamjibu. "Sijaona mtu akiitoa matembezi."

Aline alilia chooni. Nilimsikia. Akaondoka na ufunguo wake.

Sasa utacheka, au utanigombeza. Tukagawana kazi. Firmin ashike usukani kwa mkono wa kushoto na kukanyaga klachi, mimi nikae pembeni niingize gia. Mwanzoni alikuwa anaita: "Mbili! Tatu! Rudi mbili!" Nami navuta. Tulikuwa tunapita njia za nyuma tu, kwenye misitu, mahali pasipo na watu wala magari. Siku ya kwanza ilikuwa vita.

"Unaivuta kama unang'oa viazi, Ghislaine! Taratibu! Ina meno, haina mizizi!"

"Basi tumia mkono wako mwenyewe!"

Lilinitoka kabla sijalifikiri. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka tukasimama kando ya njia.

Baada ya muda hakuhitaji kuita tena. Nilikuwa naisikia injini ikipanda, naona goti lake likishuka, na mkono wangu unakwenda wenyewe. Tulifika hadi ziwa la Saint-Point, tukala soseji na mkate juu ya boneti kama vijana. Alinifundisha kusafisha plagi, kupima upepo, kusikia kabureta ikikoroma. Wifi, miezi ile nilikuwa na furaha, na sijui niifanye nini furaha ile sasa. Ndoa yetu ni ya miaka mingi, lakini hatukuwahi kufanya kazi moja kwa pamoja kiasi kile.

Mwezi wa Septemba tulikuwa tunapanda kutoka mtoni. Injini ikaanza kuchoka, goti lake likashuka, nami nikavuta. Nikasikia mkwaruzo ambao sijapata kuusikia, kisha mshindo, halafu lile lijiti la gia likalegea mkononi mwangu kama halikufungwa na kitu. Gari ikasimama. Nikaanza kuomba radhi.

"Si wewe," akasema. "Mguu haukufika chini."

Tukakaa pale. Hakuna aliyefungua mlango. Daktari alitwambia mguu utafuata, lakini nadhani kila mmoja wetu alikuwa amejiahidi kimoyomoyo kwamba hautafuata mwaka huo. Anselme ndiye aliyetukuta, akatufunga kamba akatuvuta hadi nyumbani bila kuuliza kitu.

Alipoifungua giaboksi, gia ya tatu ilikuwa kama kinywa cha kibogoyo. Spea za gari ya umri ule hazipatikani dukani. Ungeniuliza mimi, ningesema yaishe, kwa nini kuhangaika na gari ambayo mwenyewe hataweza kuiendesha tena? Lakini Firmin aliishika kazi ile kama mtu aliyeahidiwa kwamba ikipona gari, naye atapona. Hakulisema, wala sikumwuliza. Nami nikaanza kuamini, nakwambia kweli. Mtu huamini chochote.

Anselme alipiga simu kila mahali. Mwishowe tukapata Pijo nyingine ya umri huo huo kwenye ghala la mkulima mmoja karibu na Maîche. Upupu ulikuwa umepenya sakafuni ukatokea kwenye viti. Mimi na Anselme tukaingia chini yake na spana kuing'oa giaboksi, Firmin amekaa kwenye kiti tulichomwekea, anatuongoza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ulimi wake umeanza. Maneno yalikuwa yanatoka yamefungana, kama ya mtu aliyekunywa.

"Rudia, bosi," Anselme akawa anasema kutoka chini ya gari. "Masikio yangu yameingia mchanga."

Alikuwa amemsikia vizuri sana. Alijifanya kiziwi mchana kutwa ili Firmin asione haya kurudia. Sijamshukuru mpaka leo, maana nikianza nitalia.

Giaboksi ile tuliifungua juu ya meza yangu ya jikoni, kwenye shuka kuukuu. Majira yote ya baridi tulikula kwenye sahani tulizopakata magotini. Firmin alikuwa anaonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto: hiki hapa, hiki pale, osha tena. Nilikuwa naosha vyuma kwa mafuta ya taa mpaka mikono ikapasuka. Ungenikuta ungesema, Ghislaine Vuillemin, wewe uliyekuwa hutaki hata kutia maji kwenye rejeta!

Mwezi wa Aprili Anselme akaifunga kwenye Pijo yetu. Tulimweka Firmin kiti cha abiria, tukamkaza kwa mkanda na mito, mimi nikashika usukani. Gia ziliingia kama kijiko kwenye malai. Moja, mbili, hadi tatu, hakuna hata mlio. Nikageuka kumwangalia nione furaha yake.

Kichwa chake kilikuwa kimeanguka kifuani. Kila nilipobadilisha gia gari ilikuwa inasita kidogo tu, ile ya kawaida ambayo mimi na wewe hatuisikii, na shingo yake ilikuwa haiwezi kuustahimili msito huo. Hakupiga kelele. Nilisimama, nikamwinua kichwa kwa mikono miwili, nikakiegemeza kwenye kiti.

"Gari... nzima," akasema. Ilimchukua muda mrefu. Kisha akasema, "Mwite Aline. Nirudi... na ile yake."

Aline alikuwa kwetu siku ile. Akaja na ile gari isiyosita, tukamhamishia humo kando ya barabara. Tangu hapo ndiyo anayopakiwa akienda hospitali. Firmin haitukani tena wala haikejeli. Namwangalia kwenye kioo nikiomba aifanyie mzaha hata kwa macho, lakini hafanyi.

Katikati ya majira ya joto ngazi zikamshinda, na sisi kumbeba kukatushinda. Muuguzi akasema kitanda lazima kiwe chini. Unaijua nyumba yetu, wifi. Chini kuna jikoni na gereji, basi. Sikutaka kuwa wa kwanza kulitamka. Firmin ndiye aliyeinua kidole akauonyesha mlango wa gereji. Na Pijo haiwezi kukaa nje kwenye theluji yetu, ingeoza kabla ya Pasaka.

Anselme akamtafuta mnunuzi, bwana mmoja kutoka Lyon, akaja na trela lake. Mtu mstaarabu. Nikaanza kumweleza kama Firmin alivyonieleza mimi: asubuhi ya baridi, subiri kidogo kabla ya kuingiza ya pili, usiilazimishe, inajua wakati wake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, usijisumbue," akasema. "Injini na giaboksi nitavitoa vyote. Nitaiwekea mota ya umeme. Mimi nimependa bodi tu."

Anselme alivua kofia yake, akatoka nje, hakurudi. Mimi nikatazama juu. Firmin alikuwa dirishani, tulimwegemeza hapo ili aione ikiondoka. Kitanda kilikuwa kinaletwa wiki hiyo hiyo. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilisema sawa, nikamkabidhi ufunguo. Jioni nikamwambia Firmin kwamba ni mtu wa kuiendesha Jumapili, mtu anayejua gia. Alifumba macho. Naomba nawe usimwambie lolote.

Basi kaka yako sasa analala gereji. Tumepaka kuta rangi, tumeweka jiko la kuni na pazia. Jiko likikolea, harufu ya oili inapanda kutoka kwenye sakafu. Muuguzi alitaka kuisugua kwa dawa, Firmin akatikisa kichwa, kidogo sana, lakini tuliona. Tukaiacha.

Maneno yalimwisha Septemba hii. Chakula ni cha kusagwa, na hicho nacho kinampalia. Daktari anasema kilichobaki ni kifua, na kwamba baridi hii ni ndefu. Sitakudanganya kwa maneno matamu. Siombi apone, niliacha kuomba hilo. Naomba tu isiwe kwa kukosa pumzi, na hata hilo hakuna anayeniahidi.

Uliniuliza kama uje Aprili. Wifi, usingoje Aprili. Kama goti litakuruhusu kupanda ndege, njoo kabla ya Krismasi. Likikataa, hakuna wa kukulaumu, mimi wala yeye.

Ila nakuomba jambo moja. Ukipiga simu Jumapili nami nikimwekea sikioni, usimwulize hali. Usimwulize kitu chochote. Ukiuliza, jibu linamjia, naliona linampanda mpaka kooni, halafu linakwama na macho yanamjaa machozi. Wewe msimulie tu. Msimulie bei ya kuni, jirani yako na mbwa wake, njia uliyopita kwenda sokoni, kona kwa kona. Usiogope kimya cha upande wa huku. Ukiishiwa na la kusema, anza upya. Yupo, anasikiliza.

Nisalimie sana Normand, na wanao Sylvie na Benoît. Aline anawabusu nyote. Anselme anakusalimu pia, anauliza kama bado unapiga mluzi kwa vidole. Mungu awafunike na baridi ya huko, awape pumzi nzuri ninyi mlio wazima.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Ghislaine