Faini za Gari Tuliloliuza

Edith na Timoth,

Maharage yapo jikoni, yamalizieni kwa moto mdogo. Kuku wafungieni mapema. ~~Mboga mkachukue kwa mama Beda.~~ Hapana, msitoke. Kuleni maharage.

Mimi na baba tumekwenda polisi kwa ajili ya lile gari tulilomuuzia Alois wa Mtowisa. Alois hakubadilisha kadi, kwa hiyo faini zake zinaingia kwa jina la baba yenu. Ya kwanza ilipigwa kule bondeni, ya pili kwenye mlima wa kupandia huku. Leo asubuhi imeingia nyingine: Kizwite, hapa kwetu.

Baba alikasirika, akampigia Alois. Simu ikapokewa na mkewe, Rosina.

"Shemeji, kwani hamkusikia? Alois tulimzika kabla ya Pasaka. Gari lilitumbukia korongoni likaungua, hata namba ziliyeyuka."

Baba akamuuliza marehemu alikuwa anakwenda wapi. Rosina akasema, "Alikuwa analirudisha kwenu. Alisema gari limemkataa, hatapumzika mpaka alifikishe getini."

Baba anasema kuna mhuni ametengeneza namba za bandia. Mbele yake nami nasema hivyo hivyo. Lakini chai yake hakuinywa. Na wewe Timoth, jana ulisema umesikia gari likiunguruma nje, ukatoka usione kitu. Nilikugombeza bure. Samahani, mwanangu.

Mkisikia honi, msifungue geti. Hata mkiona ni gari letu.

Mama