Msichana wa Bata Bukini Kwenye Jalada la Santuri

Mpendwa Bibi Nevenka, naomba unisaidie katika safu yako ya gazeti, na kama utacheka basi cheka kwanza halafu unijibu, maana jambo hili nimelibeba miaka arobaini na saba na sasa limenifika shingoni. Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na moja, mstaafu wa posta hapa mjini Sombor, nina watoto wakubwa wawili na mume mwema, ambaye nitamwita Tihomir, kwa sababu majina yote humu nimeyabadilisha. Hanywi kupita kiasi, hagombani na watu juu ya siasa, ugonjwa wake ni mmoja tu, majalada ya santuri. Sikusema muziki, Bibi, nimesema majalada. Ana santuri zaidi ya elfu moja, na nusu ya hizo hajawahi kuzipiga, alizinunua kwa sababu ya kadibodi iliyozifunika.

Kila Jumapili mgeni akishakula supu na nyama, Tihomir husimamisha jalada juu ya kabati la vyombo, hurudi nyuma hatua tatu na kusema, "Usisome jina, tazama." Ataleta la mwimbaji wa nyimbo za kienyeji aliyevaa suti ya mahameli akaegemea trekta jipya, na wageni wakicheka atawaambia, "Itazameni mikono yake. Huyu ni mkulima, hajui katika suti ile mikono aiweke wapi." Ataleta la jazi, karatasi ya njano tupu na kivuli cha tarumbeta kwenye kona, aseme pale patupu ndipo sauti ilipo. Ataleta la vijana wa muziki wa panki waliokata herufi za magazeti wakazibandika mshazari, aseme hawa hawakuwa na pesa za mchoraji ndiyo maana wakachora vizuri. Na nakiri, yeye ndiye aliyenifundisha kuona, siku hizi hata dukani nasimama mbele ya pakiti ya chai nikaikagua mpaka watu wananipisha.

Lakini jalada moja haliweki kabatini, limetundikwa juu ya kitanda chetu. Ni la mwaka 1974, la kundi la roki la Novi Sad ambalo halikudumu miaka miwili. Barabara pana ya kijijini, tope, msichana amevaa koti la rangi ya haradali, anakwenda zake, unamwona mgongo tu, na kwapani amembana bata bukini mweupe ambaye kichwa chake kimegeuka na anakutazama wewe moja kwa moja. Basi. Siku ya kwanza Tihomir aliponikaribisha chumbani kwake, mwaka 1977, alinionyesha hilo akasema, "Msichana huyu nikimpata namwoa hapo hapo."

Bibi Nevenka, msichana huyo ni mimi.

Aliyepiga picha ni Rastko, mwanafunzi wa upigaji picha niliyekuwa naye kabla ya Tihomir. Bata nilikuwa namrudisha kwa shangazi yangu, viatu vilinibana, nilikuwa nimenuna, na bata mwenyewe alinidonoa mkononi, kovu ninalo mpaka leo chini ya saa. Siku ile kwa Tihomir maneno yalinifika mdomoni nikayameza, nikawaza, nikimwambia ataoa mgongo wa kwenye kadibodi, acha nione kama ataoa uso. Akaoa uso. Basi nikasema nitamwambia baada ya harusi, halafu baada ya mtoto, halafu ikawa aibu, kwa sababu yeye huwaeleza wageni kwamba msichana yule ameachana na kila kitu, anaondoka asirudi, na duniani amebakiwa na bata tu, na anavyoeleza wengine hulia, nami nimeketi pale namenya viazi. Nitasimamaje kusema hapana, alikuwa anakwenda nyumba ya tano upande wa kulia?

Ningekufa nalo. Ila sasa maktaba ya mji inafanya maonyesho ya majalada sitini ya Tihomir, naye akawaomba wabandike tangazo dirishani, anayemfahamu msichana wa bata ajitokeze. Siku ya tatu akajitokeza Ljubinka, mshonaji, mjane wa mtaa wa pili, akasema ni yeye. Tihomir akamleta nyumbani anywe kahawa, niliyoichemsha mimi.

"Ulikuwa unakwenda wapi siku ile, Bibi Ljubinka?" akamuuliza.

"Mbali, Tihomir. Mbali sana."

Mume wangu akanitazama kama anayesema, umesikia. Mimi nikauliza, "Na yule bata, alikuwaje?"

"Mpole," akasema Ljubinka. "Bata mpole kabisa."

Nikaenda jikoni nikakaa huko. Sasa siku ya ufunguzi Ljubinka atakalishwa kiti cha mbele na kupewa maua, na Tihomir ana furaha ambayo sijaiona tangu alipostaafu. Nikisema namvunjia furaha yake na kumwaibisha yule mjane, na Rastko naye ataingia nyumbani mwangu uzeeni. Nikinyamaza, nitapiga makofi pamoja na watu wanaompigia mwingine kwa ajili ya mgongo wangu. Nifanye nini?

Mke wa Mtu wa Majalada, Sombor

*

Dada yangu, nimecheka kama ulivyoniruhusu, nikaacha nilipofika kwa Ljubinka.

Nikuambie ukweli, maana ndio uliouomba. Unasema unalinda furaha ya mumeo. Siyo. Unalinda mtihani wako. Ulitaka kujua kama angekuoa wewe au ule mgongo, ukamtega, naye akajibu siku ya harusi mbele ya mashahidi. Kijana alifaulu. Miaka arobaini na saba hujampa matokeo. Hilo ndilo kosa lako, na si dogo, kwa sababu kila Jumapili umemwacha mtu mzima azungumze na ukuta huku jibu limekaa mezani na kisu cha viazi.

Hata hivyo nakuelewa. Kijana anayemwambia msichana wa nyama na damu kwamba angemwoa wa kwenye karatasi, alistahili kunyimwa habari mwaka mmoja, hata miwili. Siyo arobaini na saba.

Unaogopa ukweli utaiua picha. Wewe humjui mumeo? Mtu anayeweza kuona jembe kwenye mikono ya mwimbaji wa suti ya mahameli atashindwa kuona uzuri wa msichana aliyenuna kwa sababu ya viatu? Picha nzuri haikuahidi mtu kwamba aliyepigwa alikuwa anakimbia dunia. Iliahidi barabara, koti na bata, na hivyo vyote vilikuwapo.

Kuhusu Rastko, mtaje. Sentensi moja, bila kumfanya mkubwa na bila kumfanya mdogo. Mumeo ametazama kazi ya mikono yake usiku na mchana bila kudhurika, na jina lake halitamuua.

Kuhusu Ljubinka, hapo sikuonei huruma wewe, namwonea yeye. Usithubutu kumwumbua ukumbini. Nenda kwake mwenyewe, mchana, umechukua kitu cha kula, na umsikilize kabla hujasema. Mjane hasemi uongo wa namna ile kwa ajili ya maua.

Mwambie mumeo wiki hii, mkiwa wawili tu, mikono ikiwa na kazi. Na usianze kunihesabia visingizio. Umebadilisha majina yote vizuri, lakini bata bukini umemwacha vile vile, na mumeo ni msomaji wetu. Barua yako naichapisha wiki ijayo, siku ya Ijumaa. Kwa kuwa uliandika anwani nyuma ya bahasha kama mtu wa posta, jibu hili nakutumia leo, likutangulie gazeti. Siku ulizonazo ni nane.

*

Ukurasa ukiwa karibu kwenda kwenye mtambo wa kuchapia, ilifika barua ya pili, na mwenyewe ameruhusu niiweke hapa.

Bibi Nevenka, nilimwambia Jumanne tukitoa kokwa za plamu za jamu. Aliweka kisu chini akasema, "Geuka." Nikageuka. Alinitazama mpaka maji ya plamu yakanichuruzika viwikoni.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi, kumrudisha bata."

"Halafu?"

"Halafu tulimla Krismasi."

Akaketi. Nikamtaja Rastko kwa sentensi moja. Akauliza kama alikuwa mpiga picha mzuri, nikasema ndiyo, akasema, "Hilo nilishaliona." Kisha akaendelea kutoa kokwa mpaka chakula cha jioni, na mimi nikajua nimeharibu. Akiwa ameshika kijiko akaanza kutikisika mabega. "Nawaambia watu anaondoka asirudi," akasema, "na wewe umekaa hapo unamenya viazi." Alicheka mpaka akafuta macho, na mimi pia, na sijui kwa kila mmoja wetu ni sehemu gani ilikuwa kicheko.

Kwa Ljubinka nilipeleka keki ya jozi. Hakubisha. Alisema, "Tangu mume wangu afe hakuna aliyeniuliza nilikuwa nani nilipokuwa na miaka ishirini. Tangazo liliuliza, nikajibu." Nikamwambia kiti cha mbele ni chake bado, ila viwe viwili.

Tihomir alipopata habari za maneno hayo akamwomba alete picha yake ya ujana, aione. Jana akaja nayo, yuko juu ya baiskeli, sketi imepaa, nyuma yake kuna mnara wa maji. Mume wangu akaisimamisha kabatini, akaitazama muda mrefu, akasema kwa muziki wa dansi hilo lingekuwa jalada la kupigania. Ljubinka akanywa kahawa yake taratibu, akafungua mkoba, akatoa picha nyingine kumi na moja.