Ulichukua Mabati na Matundu Yake

Baba Dama,

Neno mpenzi nimeliacha makusudi, usilitafute. Nimekuita kwa jina la mtoto kwa kuwa ndilo pekee lililobaki kati yetu ambalo hukuweza kulipakia kwenye pikapu.

Barua hii naiandika wazi, na kila mtu hapa kijijini Ganda aisome akitaka. Wewe nawe ulikuja kuling'oa paa letu wazi, mchana kweupe, majirani wamesimama wanatazama. Mimi nilikuwa Ganze, nimekwenda kumzika shangazi yangu. Ulijua hilo, ndiyo maana ukaichagua siku ile.

Acha nikukumbushe tulivyoyanunua mabati yale, maana naona umesahau. Tulisimama dukani Malindi, wewe na shati lako la kazi lililokaukia chumvi. Mimi nilitaka mabati ya geji ishirini na nane, wewe ukataka ya thelathini na mbili. Ukanicheka mbele za watu. "Mwanamke wee, kwani hesabu hukusoma? Thelathini na mbili na ishirini na nane, ipi kubwa?" Muuzaji akainama asionekane anacheka, kisha akakwambia polepole, "Bwana, kwenye mabati namba ikipanda, bati linakuwa jembamba." Ukageuka ukajifanya unasoma maandishi ya mkebe wa rangi. Nilikuonea huruma, nikakuachia uchague rangi ya mabati. Ukachagua nyekundu, ati wanaopita barabarani wajue hapa pana mtu.

Siku ile sikukusema. Nakusema leo. Habari ya geji niliijua kwa sababu niliuliza. Nilizunguka kwa mafundi nikiuliza bati gani linahimili upepo wa baharini, maana nilikuwa nikikufulia nguo za kazi ya chumvi na kuona vifungo vya chuma vilivyoliwa. Na mabati yale yalitokana na mbuzi alioniachia mama. Hilo nalo ulilijua, tena wewe ndiye uliyewaswaga mbuzi wale mpaka mnadani.

Nyumba tulijijengea wenyewe, na ilionekana. Boriti zilikuwa zimepinda, na mbao za kubebea mabati hazikuachana kwa nafasi sawa hata mbili. Fundi Karisa alitaka kupigilia misumari kwa kukisia. Nikakataa. Nilitwaa kamba ya katani, nikapanda ngazi na mimba ya Dama ya miezi sita, nikapima kutoka ubao hadi ubao, na kila pa kupita msumari nikafunga fundo. Wewe ulikuwa chini umeishika ngazi kwa mikono miwili, unanibembeleza. "Shuka basi, utaniua kwa wasiwasi." Ulikuwa ukinipenda siku ile, sikatai. Kisha kamba ikalazwa juu ya kila bati, na palipo na fundo ndipo fundi alipotoboa, kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde linalopitisha maji. Halikuingia tone.

Unaikumbuka mvua ya kwanza? Ilitukuta alasiri, sisi tuliozoea makuti. Kelele zake zilikuwa nyingi hata hatukusikizana, tukabaki kucheka na kuulizana, "Unasemaje?" Mwisho ukaniwekea mdomo sikioni ukapiga ukelele: "Hapa hatutoki!" Mpaka leo nikikumbuka maneno yale nafurahi kwanza, ndipo nakasirika.

Ulipohamia Gongoni kwa mke mwenzangu sikukufuata. Mtu mzima hafungwi kamba. Lakini kurudi na wanaume wawili na nyundo za kung'olea misumari, hilo sikulitegemea kwako. Nilifika kutoka Ganze na matanga bado mwilini, nikafungua mlango, ndani kweupe kama uani. Ilikuwa masika. Godoro limelowa chapachapa, madaftari ya Dama yamevimba. Zile raba nyeusi za misumari zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na mtoto anaziokota moja moja akizitia kwenye kopo, akidhani tutazihitaji. Mama Kadzo, jirani yetu, ndiye aliyenieleza. "Alisema anachukua chake," akaniambia, huku hanitazami usoni.

Chako! Nilikwenda kwa mzee wa mtaa kushtaki. Akanijibu bila haya, "Paa ni la mume, mama. Wewe una vyombo vyako vya ndani." Nikamuuliza, "Na mvua ni ya nani?" Akasema nina mdomo. Ninao, na bado naudhika kwamba watu wazima waliokuwa pale, na akili zao, walitikisa vichwa kumuunga mkono, ilhali waliwaona kwa macho yao mbuzi wa mama yangu wakienda mnadani.

Wanawake wenzangu wa kanisani waliniletea makuti, tukajisitiri. Nikauza mahamri na mbaazi, masika mawili. Mwezi uliopita nimeezeka upya, geji ishirini na nane, kijivu. Sina haja ya kuonwa na wapita njia.

Basi juzi simu ikalia, nikaona ujumbe wako. "Mama Dama, habari za siku nyingi. Yale mabati yanavuja sana huku. Nimeyaziba kwa lami, jua likaiyeyusha. Naomba unitumie ile kamba."

Nimeusoma mara tatu. Hukumuuliza mtoto. Hukusema samahani. Kamba!

Sikiliza, Baba Dama. Matundu yale yalifuata mbao zilizopinda za nyumba hii. Kwenye nyumba yako ya sasa lazima yaangukie hewani, na popote utakapopigilia msumari utakuwa unaongeza tundu jingine. Ulidhani umebeba paa. Paa ni pamoja na zile siku nilizokaa juu ya ngazi, na hizo hazing'oki kwa nyundo.

Kamba nilikuwa nayo, imening'inia nyuma ya mlango. Fundi Karisa aliponiuliza vipimo nilimkabidhi, akafuata mafundo yaleyale, bila kukosea. Msumari wa mwisho ulipoingia nilimpa Dama. Alikaa kizingitini akayafungua mafundo yote, mengine kwa meno. Sasa anaruka nayo uani, na hivi ninavyoandika nasikia anavyohesabu.

Mamako nisalimie, mwambie namwamkia shikamoo, sina ugomvi naye. Na kama anadondokewa huko kwako, mpandishe bodaboda aje, kitanda chake kipo. Huku hakuvuji.

Ni mimi,
Mama Dama, mwenye nyumba