Jibu Langu Lifutwe

Kwako mjukuu wangu, mume wangu mkorofi,

Pokea salamu za mtu aliyechoka ila bado anakupenda kupita kiasi. Kifua kimepona? Huko juu ya minara mnakopanda najua kuna baridi, vaa fulana mbili, acha ujana. Mimi sijambo, ila ya hapa na pale hayakosi. Magoti yananuna, jino la mwisho limeniaga, roho ipo.

Anayeniandikia ni jirani yetu, fundi cherehani. Tangu mkutano ule hanisalimii, lakini leo nimemwomba, akaja na kalamu yake na mdomo aliouvuta mpaka hapa. Nimemwambia aandike kila neno, hata litakalomchoma.

Mama yako kaniletea ujumbe kwamba unalalamika. Eti ukipiga simu naongea mimi tu, mbio mbio, halafu nakata kabla hujajibu. Umeona nimekukasirikia kwa sababu ya mitambo ya upepo, kwa vile wewe ndiye uliyetuketisha chini ukatushawishi tuikubali. Sijakukasirikia, mwanangu. Tulia, nitafika huko.

Kwanza niseme haki. Tangu hizo feni zenu zisimame kilimani, zahanati ina jokofu linalofanya kazi na mashine ya kusaga haituvutishi tena moshi wa dizeli. Mimi mwenyewe nachambua mchele jioni kwenye mwanga kama malkia. Asije mtu akasema bibi yako aliupinga umeme wa upepo.

Lakini majirani hawalali. Wanasema zinavuma kama lori linalokuja na halifiki. Binti wa huyu fundi ana kichanga, na kichanga hicho kinashtuka usiku kucha, mpaka mama yake amebaki macho na pua. Kisha mkaja kupigilia vigingi vyeupe nyuma kabisa ya nyumba zetu, mkasema ni vya safu ya pili ya feni. Watu wakawaka.

Ndipo akaja mkuu wako na kipimo chake cha kelele. Siku hiyo upepo ulikuwa umelala, akapima ukimya, akaona hakuna cha kuandika. Akasema basi atamuuliza mwenye nyumba iliyo karibu zaidi, yaani mimi. Akaniuliza pale mkutanoni, mbele ya watu wote, kama feni zinanisumbua. Nikamjibu hazinisumbui hata chembe, nalala kama mtoto. Akaandika, akafunga begi, akaondoka na furaha yake. Fundi hapa akanigeukia akasema nimewauza kwa ajili ya ajira yako. Hilo nililisoma midomoni mwake vizuri kabisa. Mtu akikutukana huwa anafungua mdomo wote.

Sasa sikiliza. Bibi yako hasikii.

Ilianza na sikio la kushoto, la kulia likafuata. Feni zenu nazijua kwa kivuli tu, kinavyopita ukutani jikoni na kukata sufuria yangu vipande. Simu yako naiona ikitambaa juu ya meza, nikiona picha yako naishika na kusema yote niliyo nayo, kwa sababu nikinyamaza utaniuliza kitu. Redio naiwasha ili wapita njia wajue mzee yupo na habari. Juzi muuza duka kanionyesha kwa mikono kwamba inakoroma tu, haina hata kituo.

Nilificha kwa sababu namjua mama yako. Akijua, atanifungasha kama kifurushi anipeleke kwake ghorofani, nikae kitini nitazame ukuta wa nyumba za watu. Nimeshazika mume kutoka nyumba hii, nataka nami nitokee mlango huo huo. Kwa hiyo nilimjibu mkuu wako kweli, ila ukweli wangu haukuwa na maana yoyote, na sasa vigingi vinasimama juu ya jibu la kiziwi.

Mwambie mkuu wako alifute. Aje upepo ukiwa mkali, alale chumbani kwa binti wa fundi, asubuhi ndipo aandike. Nyuma ya kilima kuna nafasi tele na hakulali mtu, safu hiyo iende huko. Najua utaonekana umemleta bibi yako kuharibu kazi. Vumilia. Nimechoka kujifanya, na hawa wamechoka zaidi yangu.

Ningeweza kumwita mwingine aniandikie. Nimemwita yeye makusudi, naye ayasikie hapa hapa, nisiseme mara mbili. Hapa kalamu imesimama. Ananitazama, anasema kitu, midomo inamtetemeka, sikipati. Nimemwambia akiandike, utakisoma wewe.

Wasalimie wenzako wote mnaopanda nao. Ukija, kaa mbele yangu, kwenye mwanga, usitafune huku unaongea.

Ni mimi bibi yako, kidole gumba changu hicho hapo.

Kijana, ni mimi fundi. Mwambie mama yako asije kumchukua. Kila asubuhi nitapita kwake kabla sijafungua cherehani. Ila vigingi ving'olewe.